Rangi ya Lupembeni

Kariakoo, Dar es Salaam
4 Mei 2024

Mwanangu Hind,

Assalaam alaykum. Huku wote wazima, isipokuwa mimi ambaye presha imepanda, kwa sababu nimesikia kwa mdogo wako Rawan, tena akiwa anamenya vitunguu na wala hakuinua kichwa, kwamba umeitwa intavyuu ya ajira ya kudumu hapo chuoni. Rawan anajua. Mama yako anajua. Nadhani hata paka wa jirani alishaambiwa. Mimi baba mzazi ndiyo nasikia mwisho, kwenye vitunguu.

Haya, yamepita. Naandika barua na kumpa kondakta wa basi kwa sababu ninayotaka kukwambia hayasemwi kwenye simu. Usinicheke. Simu siku hizi zina masikio, na mimi nina duka.

Kwanza ya kawaida. Ukiingia salimia wote, anza na mkubwa. Usikae mpaka uambiwe ukae, na ukishakaa usikunje nne. Maji wakikupa kunywa kidogo, usimalize glasi kama mtu aliyetoka jangwani. Wakikuuliza unataka mshahara gani, usitaje wewe kwanza, maana anayetaja kwanza ndiye anayepigwa, hilo nimeliona dukani miaka yote. Wakikuuliza udhaifu wako, sema huna. Mteja akiingia kwangu simwoneshi kitambaa kilichotoboka.

Sasa la maana. Miji ya vyuo yote ni ileile mwanangu, mchana wanafundisha na jioni wanapinga. Na Lupembeni wamezidi. Unajua mimi najuaje? Nauza vitambaa vya jumla. Kila mji wa bara ukikaribia uchaguzi unakuja kuchukua majora kwangu, na rangi wanayochukua ndiyo siasa yao, hainidanganyi. Lupembeni tangu niwajue hawajawahi kuchukua kijani, hata jora moja. Kila mwaka wanachukua damu ya mzee, rangi ya wale wa upande wa pili. Hata Bwana Abdulswamad wa duka la jirani nilipomweleza kwenye kahawa alitikisa kichwa akasema huo mji umekwisha.

Kwa hiyo ukiwa mbele ya jopo usijitie upande wa serikali. Usiisifie barabara yoyote. Dokeza tu kidogo kwamba mabadiliko ni kitu kizuri, halafu nyamaza, wataelewa wenyewe. Na usithubutu kumtaja amu yako Zayed, maana yeye ni mtu wa kijani tangu ujana wake na kila mtu anamjua.

Makubaliano yetu nayakumbuka. Mkataba wako wa muda unaisha mwezi wa saba. Ukipata ajira unabaki huko, ukikosa unarudi nyumbani na kukaa kaunta. Uliyasema mwenyewe, sikukulazimisha. Nimekutumia halua.

Babako,
Hashil


Lupembeni
9 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Barua imefika. Halua pia imefika, ila ilikaa chini ya kiroba cha viatu, kwa hiyo nimeila kwa kijiko. Kondakta wako alisimama stendi akiita "binti wa Hashil wa vitambaa" mpaka nikatokea, na wanafunzi wangu walikuwepo, na tangu siku hiyo ndiyo jina langu.

Sikukwambia habari za usaili kwa sababu nilijua utafanya hivi hivi unavyofanya. Samahani, lakini ndiyo ukweli.

Baba, mimi nafundisha takwimu. Nitasimama mbele ya jopo, nitafundisha kipindi kifupi, wataniuliza maswali ya takwimu, basi. Hakuna atakayeniuliza nampigia nani kura, na nikianza kudokeza mabadiliko katikati ya somo la wastani wataniona nimechanganyikiwa.

Na hayo majora. Wewe hapa Lupembeni unamuuzia mtu mmoja. Mmoja, baba. Unawezaje kumtazama mteja mmoja ukajua mji mzima unawaza nini? Ni sawa na daktari akupime wewe presha halafu aandike kwamba Kariakoo nzima ina presha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiniletea jibu la namna hiyo namrudishia karatasi yake. Mimi nimekaa hapa mwaka mzima. Wapo wa kijani, wapo wa upande wa pili, na walio wengi wanaulizana maji yatatoka saa ngapi.

Sasa naomba kitu kimoja tu, na naomba kwa adabu zote ulizonifundisha. Usiongee na mtu. Usimtafute mtu anayemjua mtu. Najua Kariakoo ndivyo mambo yanavyoenda, lakini mkuu wetu wa idara, Dokta Elisaria, si mtu wa Kariakoo. Mwaka jana mwombaji mmoja alimpelekea asali nyumbani, akairudisha na jina la mwombaji akalikata. Nikipata kazi hii nataka nipate mwenyewe.

Naitaka, baba. Sijakwambia vizuri namna ninavyoitaka. Kuna siku darasa zima linanyamaza kwa sababu limeelewa, natoka pale nimeshiba na sijala kitu. Kaunta sijawahi kushiba hivyo. Usikasirike.

Mwanao,
Hind

N.B. Wakiniuliza udhaifu wangu nitawaambia ninaye baba Kariakoo.


Kariakoo
14 Mei 2024

Mwanangu Hind,

Umechelewa. Barua yako ya kuniambia nisiongee na mtu imenikuta nimeshaongea.

Usianze kupiga kelele, sikiliza kwanza. Huyo mteja mmoja unayemdharau anaitwa Bi Joyceline, mama wa Kichaga, mtu mzima, ana duka hapo Lupembeni, na kila mwaka ndiye anayekuja kuchukua ile damu ya mzee. Alikuja juzi. Nikajiambia, Hashil, Mungu amekuletea mwenyewe mpaka mlangoni. Nikamkalisha, nikamwagizia kahawa na kashata, nikasubiri dukani kuwe kimya.

Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nina binti yangu hapo chuoni, ana usaili, na moyo wake uko kwenye rangi hii, nikaligusa jora. Nikamwambia asiitangaze, maana ndugu zetu wengine hawatapenda wakisikia, hasa amu yake. Nikamtajia jina lako, na kwamba siku ya usaili yeye na wenzake watakutambua kwa ushungi wa rangi hiyohiyo. Ungemwona mwenyewe. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakamlenga, akaniambia, "Mzee Hashil, una moyo mkubwa sana wewe, wazazi wengine wangemfukuza." Akasema wataanza kukuombea Jumapili hii inayokuja. Hawa watu wa upande wa pili siku hizi wamekuwa wacha Mungu sana, sikujua.

Abdulswamad alikuwa pembeni anasikia kila kitu. Amekiri kwamba hajawahi kuniona nikizungumza kwa busara kiasi kile.

Sikupeleka asali kwa mtu, sikupeleka hata leso, kwa hiyo huyo daktari wako hana la kurudisha. Nimekutumia suti aliyoshona fundi Waridi, ile ya bluu uliyoitaka, na ushungi wa damu ya mzee. Nimeukata kwa mkono wangu kutoka jora lilelile la Bi Joyceline. Ni kitambaa kizuri, hakichuji. Uvae.

Kuhusu mambo ya presha na daktari, sikuyapenda. Mimi nimejua siasa za nchi hii kwa vitambaa kabla hujazaliwa.

Babako,
Hashil


Lupembeni
23 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Usaili haukufanyika.

Niliuvaa ushungi wako. Asubuhi ilikuwa na baridi kali, na nilifikiri, babangu amekata kwa mkono wake, utanidhuru nini. Nimeingia, nimesalimia nikianza na mkubwa, sikukaa mpaka nilipoambiwa. Dokta Elisaria akauangalia ule ushungi muda mrefu. Akavua miwani. Akawaambia wenzake kwamba Jumapili iliyopita kwaya ya mke wake ilimwombea huyu mwombaji kanisani kwa jina lake kamili, kwamba mwombaji mwingine ana shangazi aliyekuwa amekaa benchi la mbele na amekwishaleta malalamiko, na kwamba yeye hawezi kumsaili mtu anayeombewa mezani kwake yeye mwenyewe kabla ya chakula. Mke wake, baba, ndiye Bi Joyceline wako.

Akakusanya karatasi zake akatoka. Jopo likawa halitoshi. Wakaniambia niende, wataniita.

Nimesimama kwenye korido na nilichoandaa wiki nzima kiko kichwani, hakuna wa kumfundisha.

Jioni yake wanawake watano wakaja kwenye chumba changu na keki. Wakanikumbatia. Mmoja akaniletea kitabu cha nyimbo. Ikabidi niwakalishe, niwapikie chai ya viungo, na niwaeleze taratibu kwamba mimi ni Mwislamu, nilizaliwa hivyo, na ndivyo ninavyotarajia kuzikwa. Ndipo Bi Joyceline akanieleza. Ile damu ya mzee ni sare ya kwaya, baba. Haina siasa yoyote. Kila mwaka wanashona sare ya kwaya.

Sasa wameamua usaili urudiwe mwishoni mwa Juni, kwenye ofisi ya chuo iliyoko huko Dar, Posta, na watu wasionijua. Nimebakiwa na nafasi moja tu.

Nakuuliza bila kuzunguka. Unataka nikose? Maana nikikosa narudi kukaa kaunta, na kila ulichonishauri kimenisogeza karibu na hiyo kaunta. Kama ndivyo, ungesema tu, "Hind, rudi," tukagombana tukamaliza. Usinifanyie hivi huku unanitumia halua.

Usinijibu. Usinitumie kitu. Nikija Dar sitafikia nyumbani, nitalala kwa rafiki yangu Siwema, Buguruni. Na tafadhali baba, usije Posta.

Hind


Lupembeni
28 Mei 2024

Kwa Mzee Hashil, Kariakoo.

Bwana asifiwe, na kama salamu hiyo si yako basi pokea habari za siku nyingi.

Mzee wangu, nakuandikia nikiwa na aibu na hasira, na sijui kipi kimetangulia. Mume wangu ana wiki nzima haongei mezani. Ananiambia "nipe chumvi" basi. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kutoka kwenye jopo hata mara moja, leo katolewa na kwaya yangu.

Binti yako ametupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Ametueleza msimamo wake kwa upole, na chai yake ilikuwa tamu. Kuhusu dini hatuna ugomvi naye. Lakini wewe mzee, wewe uliyenikalisha ukaninong'oneza kwamba moyo wake uko kwenye rangi yetu na ndugu wasijue, ulikuwa na maana gani? Rangi ile ni ya kwaya tangu kanisa letu lina paa la nyasi. Mtu akiniambia binti wa Kiislamu anaitaka kwa siri, mimi nifikirie nini? Nililia njia nzima kwenye basi kwa furaha. Sasa mwinjilisti ananiuliza yule ndugu mpya yuko wapi.

Mwanao anasema eti ulidhani sisi ni chama. Mzee Hashil, siasa zikianza redioni mimi nazima redio. Wanakwaya wangu wakikaa pamoja hawawezi kukubaliana hata wimbo wa kufungulia ibada, waweze kuipindua serikali?

Nakuomba usimsemee tena binti yako kwa mtu. Anajisemea vizuri mwenyewe.

Mzigo wa mwisho ulifika salama, majora yote mazima.

Ni mimi mteja wako,
Joyceline Elisaria


Kariakoo
8 Juni 2024

Dada Hind, mambo?

Najua umesema hutaki barua kutoka nyumbani. Mimi si nyumbani, mimi ni Rawan, kwa hiyo soma.

Barua ya yule mama wa kwaya imefika. Baba aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, halafu akafanya kosa la kumwonesha Amu Abdulswamad. Dada, yule mzee alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Ndani ya saa moja mtaa mzima ulikuwa unajua. Sasa hivi baba akipita, wapiga debe wa madukani wanamwimbia kwa sauti ya kwanza na ya pili. Wanamwita Mzee wa Sare. Hajaenda kwenye kahawa tangu siku hiyo. Anaagiza aletewe dukani, anainywa akiwa amegeukia ukuta.

Mama naye amekasirika, sababu amu Zayed amepiga simu kuuliza kama ni kweli tumebatizwa.

Lakini siandiki kwa ajili ya hayo. Naandika kwa sababu nimeisoma barua yako, ile ya hasira. Baba aliiacha chini ya kipimo cha chuma. Umemuuliza kama anataka ukose ili urudi kaunta. Dada, kaunta gani? Huna kiti hapa. Kile kiti chako chenye mto wa kijivu alimpa binamu yetu Khairunnisa tangu kabla ya Ramadhani, kabla hata chuo hakijatangaza kazi. Kamfundisha kupima, kamfundisha wateja wa bara wanavyoongea, kampa na ufunguo wa stoo ambao mimi nauomba tangu nimemaliza shule.

Mimi nikamuuliza, nilikuwa na wivu sitaki kukuficha, nikamwambia, "Na Hind akirudi je?" Baba hakuinua hata uso, akasema, "Hind harudi. Hao watu wa chuo si vipofu."

Akaniambia nisikwambie, maana ukijua huna pa kurudia utaingia kwenye intavyuu na hofu. Sasa mimi nimekwambia, kwa sababu naona utaingia na kitu kibaya zaidi ya hofu.

Amesema haji Posta. Ameapa. Lakini jana kaniuliza, kama vile anaulizia habari za mvua, ofisi za vyuo pale Posta ziko jengo lipi.

Mdogo wako,
Rawan


Lupembeni
6 Julai 2024

Baba yangu, shikamoo.

Nilikuona.

Ulikuwa upande wa pili wa barabara, umekaa kwa mpiga kiwi, umevaa ile kofia unayovaa Idi. Mpiga kiwi alikuwa amepiga magoti anakusugulia makubadhi. Makubadhi, baba. Nani anapiga kiwi makubadhi? Nilipokutazama ukageuza uso ukaanza kuangalia mabasi kama mtu anayetafuta la kwenda Mbagala. Nikavuka, nikapita karibu kabisa na wewe, sikukusalimia. Sijawahi kupita mbele yako bila shikamoo tangu nimejua kusema. Niliogopa nikifungua mdomo nitalia, halafu niingie kwenye jopo na macho mekundu.

Kilichotokea juu sijamwambia mtu. Nakwambia wewe.

Somo lilienda vizuri, maswali nikayajibu. La mwisho akaniuliza mzee mmoja mwenye mvi, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajacheka. Akasema, "Mweleze mtu asiyesoma kwa nini ni hatari kutazama kitu kimoja ukaamulia vyote. Usitumie herufi wala namba. Nipe mfano wa mtaani." Nilikuwa nimeandaa mifano mizuri, ya mbegu, ya dawa. Yote ikapotea. Nikafungua mdomo, ikatoka habari ya mfanyabiashara wa vitambaa Kariakoo ambaye anazijua siasa za kila mji kwa rangi ya majora. Nikawaeleza jinsi alivyouhukumu mji mzima wa wasomi kuwa wapinzani, kumbe mteja wake ni mmoja na ananunua sare ya kwaya. Nikawaeleza kahawa na kashata. Nikawaeleza na keki.

Walicheka, baba. Mmoja aliinamisha kichwa mezani. Yule mzee mwenye mvi alifuta macho kwa leso, akasema kwamba katika miaka yote ya kufundisha hajasikia mfano ulioeleweka haraka kiasi hicho. Halafu akaniuliza, "Huyo mzee yupo kweli?"

Nikamjibu, "Ni mfanyabiashara mmoja tu, nilisikia habari zake."

Nimekukana. Wewe uko chini, kwenye jua, kwa mpiga kiwi, na mimi juu kwenye kiyoyozi nimekufanya mtu mmoja tu. Nimetoka mbio kukufuata, ulikuwa umeshaondoka. Mpiga kiwi akaniambia mzee alikaa tangu anafungua boksi lake, na kila aliyetoka kwenye lile jengo, mzee alimuuliza kama kule ndani wanauliza maswali magumu. Nikatembea kwa miguu mpaka Mnazi Mmoja. Nikasimama pale naangalia upande wa dukani, nikashindwa kuja.

Barua ya ajira imetoka jana. Nimepata. Ya kudumu.

Kuhusu nilivyokuuliza kama unataka nikose, Rawan amenieleza habari ya kiti. Usimgombeze, alifanya vizuri. Nisamehe, baba. Nilikuwa na mfano mmoja wa kosa lako nikakuhukumu wewe mzima, na ndicho hicho hicho ninachowakataza wanafunzi wangu.

Mwanao,
Hind


Kariakoo
11 Julai 2024

Mwanangu Hind,

Assalaam alaykum, na marahaba, ile ya Posta na hii ya kwenye barua, nimezipokea zote mbili kwa pamoja.

Alhamdulillahi. Mama yako amepiga vigelegele mpaka wapangaji wa juu wametoka nje. Nimefunga duka adhuhuri nikaenda msikitini, na baada ya hapo nimerudi kwenye kahawa. Waimbe wanavyotaka. Nimewaambia binti yangu ni mwalimu wa chuo, wakaacha kuimba.

Sasa nikugombeze. Kwanza, makubadhi ya ngozi yanapigwa kiwi, uliza mtu yeyote. Pili, sikuja Posta kwa ajili yako, nilikuwa na shughuli zangu maeneo yale. Tatu, na hili ndilo limenikosesha usingizi: umekaa mbele ya jopo zima la wasomi, watu wanaovaa, wana wake zao wanaovaa, wana mahafali kila mwaka na majoho yanayotaka kushonwa, wanakuuliza kwa midomo yao huyo mfanyabiashara ni nani, na wewe hukulitaja duka? Hata mtaa? Umepata kazi kwa upumbavu wangu mimi, halafu jina nimekosa. Mtoto uliyekulia kaunta, hata hilo hukujifunza.

Ungesema ni babako. Wangecheka zaidi, halafu wangekuja kununua. Mimi nimechekwa na Kariakoo nzima mwezi mzima na bado natembea, sasa watu wachache wa Posta wangenifanya nini? Ungesema tu ni babako.

Lile swali lako la kama nataka ukose liliniuma. Sikwambii halikuniuma. Nililisoma usiku nikashindwa hata kukasirika. Siku uliyopanda basi kwenda huko, nilirudi dukani nikakiona kile kiti, nikajua kimekwisha kazi. Nilikaa nacho hivyo hivyo miezi, sikutaka mtu akikalie. Kabla ya Ramadhani nikampa Khairunnisa, kwa sababu mtu hawezi kuwa anamwombea mwanawe apate huku amemwekea kiti. Anapima vizuri, ila anaongea sana na wateja.

Ukija likizo utakaa kwenye kiti cha wageni kama watu wengine.

Bi Joyceline amekuja juzi. Amenisalimia kwa mbali, mume wake ameanza tena kuongea mezani, anakusalimu na kukupongeza. Kaja kuchukua kitambaa. Nikamshushia damu ya mzee kama kawaida, akasema hapana, mwaka huu kwaya imeamua kubadilisha sare, wanataka kijani. Majora saba ya kijani, Lupembeni.

Abdulswamad alinitazama. Mimi nikamtazama. Nikapima, nikakata, nikafunga mzigo, siasa sikuigusa.

Lakini wewe unayefundisha takwimu, uliyeko huko huko, hebu waangalie hao watu vizuri.

Babako,
Hashil, wa vitambaa